Boti zilizotia nanga Tanga: Soko dogo lenye masharti yake kwa Korogwe na Handeni

WAFANYABIASHARA wa mazao wa Korogwe na Handeni wamezoea kuhesabu soko kwa malori: mahindi yanayopita Segera kwenda Dar es Salaam, mboga za Lushoto zinazoteremka Mombo, na mchele wa skimu ya Mombo. Lipo soko jingine, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Korogwe mjini, ambalo huhesabiwa kwa vikapu. Ni boti za starehe za matanga zinazotia nanga katika ghuba ya Tanga, upande wa Raskazone, iliko Tanga Yacht Club.

Ni soko dogo, na anayetaka kuliingia hana budi kwanza kumfahamu mteja wake.

Mteja ni nani

Boti ya namna hiyo, yenye urefu wa mita 10 hadi 14, ni nyumba ya mtu. Mara nyingi hukaa watu wawili, mume na mke waliokwisha kustaafu kazi, na wapo wanaozunguka dunia kwa miaka. Siku zao hazina haraka. Asubuhi husikiliza taarifa ya hali ya hewa, mchana hushona tanga au kusafisha injini, jioni huoga baharini na kutazama maji yakijaa na kupwa. Umeme wao hutoka katika paneli za jua. Maji ya kunywa hukaa katika tangi la lita mia chache, na jokofu, kama lipo, ni dogo.

Ni watu wanaohesabu fedha. Pensheni ya mwezi lazima itoshe chakula, mafuta, vipuri na ada za bandari, na bei ya sokoni huijua baada ya siku mbili. Mwuzaji anayepandisha bei mara tatu kwa kuwa mnunuzi ni mgeni huuza mara moja tu.

Nanga na marina

Katika nchi nyingi boti hizi hulala marina, yaani bandari ndogo yenye magati ya kufungia boti. Mwenye boti hulipia kila usiku kwa kufuata urefu wa chombo chake, naye hupata maji, umeme, ulinzi, na mara nyingi duka kubwa la vyakula hatua chache kutoka gatini. Mteja wa marina hamhitaji mchuuzi wa kumletea mzigo.

Tanga ni tofauti. Boti hukaa majini, na wenyewe huja pwani kwa kijiboti cha mpira. Kila kilo ya viazi lazima ibebwe mkononi, ishushwe kijibotini na kupandishwa botini. Hapo ndipo penye nafasi ya biashara, kwa kuwa anayeweza kukusanya mahitaji ya boti kadhaa, kuyachambua na kuyafikisha ufukweni siku iliyokubaliwa, anauza huduma pamoja na bidhaa.

Kinachonunuliwa

Lumbesa haina maana kwa mteja huyu. Anachotaka ni bidhaa itakayokaa wiki mbili au tatu bila barafu: nyanya ambazo hazijaiva, ndizi mbichi, vitunguu vilivyokauka vizuri, kabichi, maboga, tangawizi, ndimu na machungwa yasiyo na michubuko. Mayai huyataka mapya na yasiyooshwa, kwa kuwa ganda lisiloguswa na maji hudumu zaidi. Maboksi ya karatasi hayapendwi, kwa sababu mayai ya mende husafiri ndani yake. Tenga au ndoo ya plastiki hufaa zaidi. Asali na maharage ya Handeni vina nafasi, mradi vifungwe katika vyombo visivyovuja wala kupitisha unyevu.

Chukua hesabu ya mfano. Boti kumi zikinunua kilo mbili za mchele kila moja kwa wiki, jumla ni kilo 20, yaani sehemu moja ya tano ya gunia la kilo 100. Kwa mwenye magunia 100 ya mahindi ghalani Handeni, huko hakuna soko. Kwa mwenye mtaji mdogo na mkono wa kuchambua, faida hutokana na daraja la bidhaa.

Kalenda ni upepo

Boti za matanga hufuata misimu ileile iliyofuatwa na majahazi. Kusi, kuanzia mnamo Aprili hadi Septemba, husaidia vyombo vinavyopanda kutoka Msumbiji, Komoro na Madagaska. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huvishusha vyombo vya Kenya kuelekea Tanga na Unguja. Kuanzia Novemba hadi Aprili vimbunga husumbua Madagaska na mlango wa Msumbiji, na wasafiri wengine huona heri kusubiri kaskazini, Tanga au Kilifi. Pwani ya Tanzania hupigwa na vimbunga kwa nadra, ingawa Hidaya iliyofika Mei 2024 ilionyesha kwamba nadra si kamwe.

Visa ya kawaida ya utalii haizidi siku 90. Mteja wa leo hatakuwapo msimu ujao, kwa hiyo mkopo haufai. Bei zitajwe kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Aidha, anayenunua injini au vifaa kutoka boti ya kigeni bila ushuru kulipwa hujiingiza matatani na forodha.

Soko linaweza kutoweka

Oktoba 2009, Waingereza Paul na Rachel Chandler waliondoka Shelisheli kwa boti yao ya matanga wakielekea Tanga. Hawakufika. Walitekwa na maharamia wa Kisomali na kuachiwa Novemba 2010. Katika miaka hiyo wasafiri wengi waliikwepa sehemu hii ya bahari. Vyama vya meli viliondoa eneo la hatari kubwa la Bahari ya Hindi Januari 2023, lakini mashambulizi yalizuka tena mwishoni mwa mwaka huohuo.

Korogwe inalijua somo hili tangu zamani. Kamba za mkonge zilifunga meli za dunia, na mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za zao hilo. Kisha zikaja kamba za nailoni, ambazo hazioziki upesi na hunyumbuka boti inapovuta nanga. Bei ya mkonge ilianguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000. Leo boti iliyotia nanga Tanga, jirani na mashamba ya mkonge, imeshikiliwa na nailoni na mnyororo.

Kwa mwekezaji mdogo, njia ya salama ni kuufanya mzigo wa Raskazone kuwa nyongeza ya safari ya Tanga iliyokwisha kulipiwa na mzigo mwingine. Aanze na matenga mawili, apate oda kabla ya kupakia, na ahakikishe kitakachobaki kinauzika siku hiyohiyo katika soko la Mgandini.