Nyumba ya marehemu Kariakoo: kila njia na gharama yake

Katika mitaa kama Sikukuu, Swahili na Narung'ombe bado zimo nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, zimebanwa na maghorofa huku na huku. Baadhi ya hati zake zina majina ya watu waliokwisha kufa. Mali yote ya familia ni kile kiwanja, na madalali wanalijua hilo kabla ya warithi.

Tuanze na mwenye nyumba aliye hai. Wosia wa mdomo hauna malipo, lakini Tamko la Sheria za Mila la 1963 linadai mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Miaka 15 baadaye, nani kati yao atakuwa hai wa kusimama mahakamani? Wosia wa maandishi wa anayejua kusoma na kuandika unatosheka na mashahidi wawili. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanauandika na kuuhifadhi kwa ada iliyopangwa. Wakili mnapatana bei. Mwenye nyumba moja na watoto wanaojulikana aende RITA. Mwenye wake wawili, hisa za kampuni au mkopo wa benki amlipe wakili, na asiionee uchungu fedha hiyo. Muislamu akumbuke kwamba wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali, wala haumwongezei mrithi fungu mpaka warithi wengine waridhie.

Wapo wanaokimbilia kuwaandikisha watoto nyumba mapema wakihofia kodi ya mirathi. Tanzania haina kodi hiyo. Kinachowangoja ni ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Tena mzee anabaki mgeni ndani ya nyumba yake. Mimi siishauri njia hii.

Akishafariki, lazima apatikane msimamizi wa mirathi. Kwa mirathi ya mila au ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo ndiyo njia nafuu: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, fomu na tangazo. Temeke kuna kituo jumuishi cha mashauri ya familia kilichoanza 2021, ngazi mbalimbali za mahakama zikiwa mahali pamoja. Mwanamke asiye na uwezo wa kulipa wakili aende WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, wanaosaidia bila malipo. Hesabu ya mafungu kutoka kwa shehe inafaa sana kwa amani ya familia, ila msajili wa ardhi ataomba barua ya mahakama.

Sasa kiwanja chenyewe. Kuuza ni haraka: mkazi analipa kodi ya asilimia 10 ya faida, kinachobaki kinagawanywa, na warithi hawarudi tena Kariakoo. Kupangisha vyumba kunaleta kidogo, lakini kunaipa muda familia ambayo bado inagombana, na muda huo nao una thamani.

Ubia na mwekezaji ndio unaovutia zaidi, na ndio unaohitaji macho makali. Analeta mtaji, anajenga ghorofa, kisha anajitengea fremu za chini, kwenye kilemba (malipo ya kuingilia) na kodi kubwa, na kuwaachia warithi vyumba vya juu. Ningekuwa mrithi ningedai fremu moja ya chini kabla ya kudai nyumba ya pili juu. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila sehemu iwe na hati yake. Mkataba usiotaja hati hizo, ukataeni. Tazameni pia miaka iliyobaki kwenye hati ya kiwanja. Miliki iliyotolewa kwa miaka 33 huenda ikawa ukingoni, na mwekezaji atalitumia hilo kushusha fungu lenu.

Sahihi ya kaka mkubwa peke yake haiuzi mali ya marehemu, hata akiwa ndiye anayeishi humo. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali, na baadaye hesabu ya mgawanyo, na mrithi yeyote, binti aliyeolewa mbali akiwemo, ana haki ya kwenda kuzikagua.