Tuilinde Akiba Iliyo Ndani ya Simu

Zamani mama alificha akiba yake chini ya godoro au katika pindo la khanga. Siku hizi ada ya watoto, fedha za kikoba na mtaji wa genge vimo ndani ya simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, Tanzania ikafuata mwaka 2008, na mabenki nayo yakafungua milango yao kwa njia hiyo hiyo. Je, milango hiyo tumeifunga kwa kufuli ya namna gani?

KUFULI MOJA HAITOSHI

Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000 tu. Tena anayekufahamu hana haja ya kuijaribu yote. Ataanza na mwaka aliozaliwa kifungua mimba wako.

Kwa sababu hiyo mabenki hutumia kufuli mbili. Uthibitisho una mafungu matatu: kitu unachokijua, kama namba ya siri, kitu ulicho nacho, kama simu, na kitu cha mwili wako, kama alama ya kidole. Vikitakiwa viwili, aliyeiba kimoja hubaki nje. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za kuyataka mabenki yafanye hivyo zilianza kutumika tarehe 14 Septemba 2019.

Sisi wauguzi twalielewa jambo hili. Kabla ya kumwekea mgonjwa damu hatutazami jina peke yake. Tunalinganisha jina, namba ya jalada na kundi la damu, na mwenzetu wa pili huhakikisha. Majina hufanana.

MWIZI HUPITA WAPI?

Aghalabu havunji kufuli, huomba ufunguo. Hupiga simu akijifanya mtumishi wa benki, kisha hukusihi umsomee namba iliyoingia sasa hivi. Namba hiyo ya kutumika mara moja ndiyo kufuli yako ya pili!

Mwingine huisajili upya laini yako kwa hila, na ujumbe wote humwendea yeye. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku za jirani zinashika, usingoje kesho. Azima simu, uiarifu kampuni ya simu na benki.

YAFAA TUFANYE HAYA

1. Tusimtajie mtu yeyote namba ya siri wala namba ya mara moja. Mtumishi wa kweli haiulizi.

2. Namba ya siri ya benki isifanane na ile ya kufungulia simu.

3. Walio Tanzania wabonyeze *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Ujumbe wa matapeli upelekwe namba 15040.

4. Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu na washika funguo watatu. Fedha za kikundi zikiwa kwenye simu au benki, nazo zisitoke kwa idhini ya mtu mmoja.

Katika huduma yetu tumekutana na akina mama waliotapeliwa, wakanyamaza kwa kuwaogopa waume zao. Saa hizo za ukimya ndizo mwizi anazozitumia kutoa fedha. Mama mpendwa, ukiibiwa sema mara moja. Nasi tunaoletewa habari hiyo, tusiulize kwanza kosa ni la nani; tupige simu benki kwanza.