Kilomita 50 Kijijini ni Nyingi Mno



Nami natoa maoni yangu juu ya mwendo wa magari na pikipiki katikati ya vijiji vyetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mkinga, mkoani Tanga, katika kijiji kilichopasuliwa kati na barabara iendayo Horohoro, mpakani na Kenya. Barabara hii ya kilomita 65 ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008 na kumalizika mwaka 2013. Anayetaka tope la masika lirudi simjui. Ila yafaa ifahamike kwamba tope lile na mashimo yale ndiyo yaliyokuwa trafiki wetu. Yalipoondoka hakuwekwa mwingine badala yake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo katika maeneo ya makazi. Vibao vya 50 vipo, na siku askari anapokuwa na tochi yake vibao vinaheshimiwa, maana madereva wanaopishana huashiriana kwa taa kuanzia mbali. Siku nyingine ni shauri ya dereva mwenyewe. Lakini leo sitaki kuwalaumu wavunja sheria peke yao. Nasema hata yule anayeifuata anakwenda mbio mno.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita tuliwapa hesabu hii, kisha tukaipima uwanjani kwa futi kamba. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto ameruka barabarani, hupita kama sekunde nzima kabla mguu wake haujakanyaga breki. Gari la kilomita 30, kwenye lami kavu na breki nzima, litakuwa limekwisha simama katika mita 13 hivi. La kilomita 50, katika mita hizo hizo 13, halijaanza hata kupunguza mwendo! Linamfikia mtoto na nguvu zake zote, nalo huhitaji kama mita 28 ndipo lisimame. Watoto walipoona alama mbili zile chini walinyamaza kimya, na darasa langu si la kunyamaza.

Tena hatari haiko kwenye barabara kuu tu. Mwaka jana mtoto wa darasa la pili, akitoka chuoni kusoma Kurani wakati wa alasiri, aligongwa na pikipiki kwenye njia ya ndani ya kijiji, baina ya nyumba na nyumba. Mungu alimnusuru, lakini alivunjika mguu na kukosa masomo muhula mzima. Kijana aliyemgonga hakuwa mlevi wala mhuni, nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa akimwahisha abiria kwenye basi. Nilipomwuliza alikuwa mwendo gani alinijibu, "Wa kawaida tu, mwalimu." Huo mwendo wa kawaida ndio ninaouandikia barua hii. Bodaboda zina faida kubwa, na usiku mja mzito akishikwa na uchungu ndizo tunazozikimbilia. Lakini njia ambayo wazee hukaa barazani, watoto huchezea na kina mama hupita na ndoo kichwani, haina pembeni pa kukimbilia.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunataka kuchelewesha safari. Haya, tupige hesabu. Kilomita moja ya kijiji kwa mwendo wa 50 ni sekunde 72, na kwa mwendo wa 30 ni dakika mbili. Tofauti ni sekunde 48. Vikiwa vijiji vitano ni dakika 4. Abiria wa basi huketi zaidi ya hapo wakingoja gunia la nazi literemshwe, na hawasemi neno.

Jambo hili si geni duniani. Februari 2020, mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikutana Stockholm, Sweden, na tamko lao lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 mahali ambapo waenda kwa miguu huchanganyika na magari. Hapa kwetu, Dar es Salaam, shirika la Amend lilitengeneza njia za miguu, vivuko na matuta karibu na shule, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Kama imewezekana kwenye msongamano wa Dar es Salaam, kwetu kuna kizuizi gani?

Kibao cha 30 peke yake hakitatosha, najua. Ndiyo maana nawaomba wahusika wa TANROADS waweke na matuta mbele ya shule zilizo kando ya barabara kuu, matuta yaliyopakwa rangi na kutanguliwa na alama, si yale ya kuviziana usiku. Kwa desturi yetu tuta hujengwa baada ya mazishi, wananchi wakishafunga barabara kwa magogo. Njia za ndani ni za TARURA, na huko hata tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri kwa kibali chao lingesaidia. Ndugu zetu wa upande wa Pangani, ambako lami imekuwa ikijengwa kutoka Tanga, waulize habari hii mapema kabla hawajazoea mbio.

Kwa upande wetu, nimekwisha mwomba Mwenyekiti suala la mwendo wa pikipiki liingie katika Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao, ili maombi yetu ya kilomita 30 yapelekwe Halmashauri yakiwa na mhuri wa kijiji. Kijana wangu yule wa bodaboda ameahidi kuja na wenzake. Nami nitakwenda na futi kamba.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkinga, Tanga.