Unapokwenda kuonana na mshauri kwa mara ya kwanza



Katika sehemu nyingi za Kivu na Ituri, watu waliokimbia vita wameelezwa kwamba kuna mahali pa kwenda kuongea juu ya mateso ya moyo. Pengine ni chumba kidogo kwenye kituo cha afya, pengine ni nyumba ya kusikiliza, pengine ni hema tu lenye pazia. Anayewapokea huko huitwa mshauri, au kwa desturi ya mashirika, APS, yaani msaidizi wa mambo ya moyo na ya kijamii. Watu wengi wanapita mbele ya mlango huo bila kuingia. Hawajui kinachofanyika ndani, tena wanaogopa majirani watasema nini.

Je, wanaokwenda huko ni vichaa?

Hapana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza hesabu yake juu ya watu wanaoishi katika nchi zilizopigwa na vita: karibu mtu 1 kati ya 5 ana shida ya afya ya akili. Wengi wao si wale wanaotembea uchi sokoni. Ni mama ambaye halali usiku. Ni baba ambaye akisikia radi analala chini akidhani ni bomu. Ni kijana asiyetaka tena kuongea na mtu, au mtoto wa miaka kumi aliyeanza kukojoa kitandani tangu siku waliyokimbia. Ni mtu mwenye kichwa na mgongo vinavyouma kila siku, na dawa za kituo hazisaidii kitu. Watu husema tu, "ana mawazo mengi." Mawazo hayo yakidumu zaidi ya mwezi, yakikuzuia kupika, kulima, kutafuta kibarua au kuwatunza watoto, basi ni wakati wa kwenda kumwona mshauri.

Siku ya kwanza

Usitegemee kitanda, sindano wala mashine. Utakuta viti viwili au vitatu. Mshauri atajitaja jina, ataeleza kazi yake, na atakuuliza umetoka wapi, unaishi na nani, unalala namna gani, unakula namna gani. Ataandika mambo machache. Mara nyingi karatasi yako hupewa namba badala ya jina, ili hata ikipotea mtu asijue ni ya nani. Una haki ya kuuliza inawekwa wapi na nani anaisoma.

Kisha atakueleza juu ya siri. Usikilize vizuri sehemu hii, maana ndiyo msingi wa kazi yote. Unayoyasema hayatoki nje: hayafiki kwa mume au mke wako, kwa pasta, kwa rais wa kambi, wala kwa askari. Lakini mshauri mwaminifu atakuambia pia mahali siri inapokoma. Akiona kwamba unataka kujiua, au kwamba uhai wa mtu mwingine au wa mtoto uko hatarini, atalazimika kutafuta msaada, na atakuambia kwanza. Kama hajakueleza hayo, mwulize kabla hujaanza kusimulia.

Na lugha? Si kila mtu anaweza kueleza uchungu wake kwa Kiswahili. Bibi aliyezaliwa Masisi au Walikale pengine atapata maneno kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda au kwa Kinyanga tu. Omba mtu anayejua lugha yako. Ikiwa panahitajika mkalimani, usikubali awe mtoto wako au jirani wa hema la pili. Mwanamke anaweza kuomba mshauri mwanamke, na hakuna atakayemwona ni mkorofi.

Tuseme pia jambo ambalo watu hulisema pembeni tu. Inawezekana mshauri utakayemkuta ni wa kabila la wale unaoamini walichoma kijiji chako. Moyo utasita, na hiyo ni kawaida. Unaweza kumwambia wazi, au kumwomba kiongozi wake akupe mtu mwingine. Wapo waliobaki na mshauri huyo na wakasaidika. Lakini mtu asilazimishwe kwa jina la upatanisho. Kupona kwanza ni haki ya mgonjwa, na upatanisho una wakati wake.

Hulazimishwi kusimulia yote. Siku ya kwanza wengi wanaongea juu ya usingizi na watoto tu, kisha wanarudi nyumbani. Wengine wanalia saa nzima bila neno. Mshauri mwenye elimu hatakuvuta useme lililo baya kuliko yote kabla hujawa tayari. Akikuharakisha, mwambie asubiri.

Asichokupa mshauri

Hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo, basi afadhali tuseme mapema. Mshauri hatoi chakula, turubai wala pesa. Kuonana naye hakukuweki kwenye orodha ya kugawiwa vitu, na kukataa kuonana naye hakukuondoi kwenye orodha hiyo. Anaweza kukuelekeza kwa wengine wenye kazi hiyo, basi. Msaada wake kwa kawaida ni wa bure. Mfanyakazi wa shirika lolote akikuomba pesa, au akikuomba mwili wako ili akusaidie, huo ni uhalifu. Usinyamaze: peleka habari kwa wakubwa wake, au kwa shirika lingine unaloliamini.

Itachukua muda gani?

Mara nyingi ni mazungumzo ya saa moja hivi, mara moja kwa juma, kwa majuma matano au zaidi. Mshauri anaweza kukufundisha namna ya kupumua polepole hofu inapopanda, namna ya kutenganisha shida unayoweza kuitatua na ile usiyoweza, au namna ya kupima wazo kama lile la "ni kosa langu mimi kwamba mtoto alikufa njiani." Atakupa kazi ndogo ya kufanya nyumbani. Baada ya mara ya pili au ya tatu, wengine huona ndoto mbaya zinaongezeka. Ni kama kidonda kinachosafishwa: huuma zaidi kabla ya kukauka. Mwambie mshauri, usiache kwa sababu hiyo.

Je, inasaidia kweli, au ni maneno tu? Mwaka 2013 watafiti walitangaza matokeo ya kazi iliyofanyika katika vijiji vya Kivu, kwa wanawake waliobakwa au kushuhudia ubakaji. Katika vijiji fulani wanawake walifuata mazungumzo 12: moja peke yao na mshauri, na 11 katika kikundi. Katika vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wasaidizi Wakongomani wa hukohuko waliopewa mafunzo, na wanawake wengi hawakujua kusoma. Miezi 6 baada ya kumaliza, katika vikundi wanawake 9 kwa 100 ndio walioonyesha bado dalili nzito za huzuni au wasiwasi. Kwa wale wengine walikuwa 42 kwa 100. Si wote waliofika mwisho wa mafunzo, na maisha yao hayakuacha kuwa magumu, lakini tofauti hiyo si ndogo.

Wababa, tunawaona kwenye kasiksi kuliko kwa mshauri. Pombe inalaza usiku mmoja, na kesho inaamsha hasira nyumbani. Mlango wa mshauri ni wenu pia.

Kwa viongozi wa kambi, wa mitaa na wa makanisa

Msiandike orodha za wanawake waliobakwa, hata kama mgeni wa shirika anaomba, hata kama mnadhani orodha italeta msaada. Orodha hiyo ikianguka mikononi mwa watu wabaya inaweza kuua, na ikisikika mtaani inavunja ndoa. Kazi yenu ni kutangaza kwa wote mahali huduma ilipo na saa zake. Aliyebakwa apelekwe kituo cha afya upesi, kwa siri: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa kuanzwa kabla ya saa 72, na ya kuzuia mimba kabla ya saa 120. Hayo yasingoje mazungumzo wala kesi.

Mtu anayesikia sauti, anayekataa kula kwa siku nyingi au mwenye kifafa anahitaji daktari pamoja na maombi. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, vyote vya Mabruda wa Charité. Kumfunga mnyororo na kumfungisha njaa kunamwongezea ugonjwa. Akipewa dawa, asiziache ghafla siku anapojisikia vizuri.

Mkilazimika kuhama tena

Mwezi wa pili wa 2025 makambi mengi ya kandokando ya Goma yaliachwa tupu kwa siku chache, na watu wengi walikatizwa mazungumzo yao katikati. Kwa hiyo tangu siku za kwanza, mwulize mshauri: tukitawanyika, nimtafute nani huko ninakoweza kukimbilia? Shika kwa kichwa jina la huduma na namba ya karatasi yako. Kama unakunywa dawa, shika jina lake na kipimo chake, au shona kipande cha karatasi ndani ya nguo. Ukifika upya, si lazima kuanza hadithi yote tangu mwanzo. Sema tu, "Nilikuwa nimeanza, nilifika hapa."