Kipepeo wa Bustanini Anayetoweka

Huko Uingereza yuko kipepeo ambaye zamani kila mtoto alimjua. Mabawa yake ni ya rangi ya chungwa, yana mabaka meusi na ya manjano, na pindoni vidoa vya samawati. Wakati wa baridi hujificha vibandani na hata nyumbani mwa watu. Baridi ikiisha hutoka kutafuta maua.

Siku hizi wengi hawamwoni. Tangu 1976 wataalamu huwahesabu vipepeo kila mwaka, na kwa muda huo yeye amepungua kwa zaidi ya asilimia 70. Adui wake mmoja ni inzi aliyeonekana nchini humo mara ya kwanza 1998. Inzi huyo hutaga juu ya majani. Kiwavi akiyala mayai hayo, funza hukua ndani yake na kumwua. Ukame nao humdhuru.

Tena kiwavi huyo hula majani yawashayo ngozi kama upupu, nayo wenye bustani huyang'oa. Hivyo mzazi hupandiwa maua, na mtoto hunyimwa chakula. Ukipenda boga, penda na ua lake!

Tangu 2010, kila kiangazi, maelfu ya watu, wakubwa kwa watoto, hukaa dakika 15 wakihesabu vipepeo. Kazi hiyo yataka macho na ukweli tu: asiyeona hata mmoja huandika sufuri.

Nanyi wanafunzi, wahesabuni vipepeo wa bustani zenu wangali wengi. Asiyejua alichokuwa nacho hatambui kilichopotea.