Msahafu wa Mfungwa: Peke Yetu Mjini Cape Town

Anayesafiri peke yake huijua haraka thamani ya adhana. Tulilishuhudia hilo Cape Town, mji wa bandari wa Afrika Kusini, ambako tulifika bila mwenzi wala mwenyeji. Asubuhi tulitembea ufukweni tukiutazama Table Mountain, mlima ulio bapa juu kama meza, na wingu jeupe limetandazwa juu yake mithili ya kitambaa. Uzuri ule ni ishara ya uwezo wa Muumba. Hata hivyo, kila tulipoona la kustaajabisha tuligeuka ili tumwoneshe mtu, tukakuta hatuna wa kumwonesha.

Alasiri tulipanda hadi Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu ulio kwenye mteremko wa kilima cha Signal Hill. Nyumba zake ndogo zimeshikana bega kwa bega, zimepakwa rangi za njano, waridi, samawati na kijani. Wageni wengi hupiga picha mbele ya kuta hizo, kisha huondoka. Wahenga wa wakazi wa hapo waliletwa na Waholanzi kutoka visiwa ambavyo leo ni Indonesia, kutoka Bara Hindi na sehemu za Afrika, wengi wakiwa watumwa na baadhi wafungwa wa kisiasa.

Adhana ilitukuta mtaa wa Dorp, kwenye Msikiti wa Auwal, unaotajwa kuwa wa kwanza nchini humo, ulioanzishwa mwaka 1794. Baada ya swala, mzee mmoja alitupa mkono na kutuuliza tulikotoka. Tulipomwambia kuwa ni pwani ya Afrika Mashariki, alituongoza hadi kwenye kioo kinachohifadhi msahafu wa kale ulioandikwa kwa mkono.

Mwandishi wake ni Imamu Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam, maarufu kwa jina la Tuan Guru, yaani Bwana Mwalimu. Alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Tidore. Mwaka 1780, akiwa anakaribia umri wa miaka 70, Waholanzi walimleta Rasini akiwa mfungwa wa dola, wakamweka katika kisiwa cha Robben, kile kile alichokuja kufungwa Nelson Mandela katika karne ya ishirini. Kwao Tidore kibla kiko magharibi. Kisiwani humo ilimlazimu aelekee kaskazini. Kila kitu kilikuwa kimebadilika isipokuwa kile alichokihifadhi. Akaiandika Qur'an kutoka kifuani mwake.

Alipoachiwa, alifungua madrasa iliyowapokea watumwa na watu huru, wakati ambapo ibada ya hadhara ya Waislamu ilikuwa bado imekatazwa. Uhuru wa kuabudu ulikuja mwaka 1804. Yeye alifariki mwaka 1807. Uwanja wa msikiti ulitokana na mwanamke, Saartjie van de Kaap, binti wa mtumwa aliyeachwa huru. Baadaye madrasa za Rasini zilikiandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokiandika Kiswahili.

Tulimsifia mzee yule mtaa wao. Akashukuru, kisha akatueleza kwamba matajiri wananunua nyumba, gharama zinapanda, na vijana wanahamia mbali. Mwaka 2018 wakazi waliingia barabarani kupinga majengo makubwa yanayowameza. Akanyamaza kidogo, akauelekeza mkono kwenye kioo, akasema: "Mwanangu, ungefungiwa wewe kisiwani, ungeandika sura ngapi?"

Tulihesabu kimya kimya. Zile fupi za Juzuu Amma, ndiyo, ingawa mbili au tatu tuliziona zikitukatikia katikati. Yasin, tuliyoisoma matangani mara zisizohesabika, tungeifikisha nusu. Hatukumjibu. Naye, kwa adabu, hakuuliza tena. Alitupeleka kwake, tukapewa chai na koesister, andazi lililochovywa katika shira na kunyunyiziwa nazi.

Usiku ule tulirudi chumbani peke yetu, lakini upweke haukuwa ule wa asubuhi. Tulizima simu, tukaanza kurejea sura zile zilizotukatikia.

Wazazi wengi tunatayarisha akiba ya ada, kiwanja na nyumba kwa ajili ya watoto wetu, na ni jambo jema. Lakini mtoto atasafiri siku moja, kwa masomo, kwa kazi au kwa mtihani asiouchagua, na atafika mahali ambapo hatutakuwepo. Atakachokuwa nacho huko ni kile tulichokaa naye tukakirudia baada ya Magharibi. Tangu turudi, nyumbani mwetu kila mmoja husomeshwa alichohifadhi, na zamu ya kwanza ni ya baba. Watoto hutusahihisha, na tumelikubali hilo. Allah atujaalie tuwe watu wa Qur'an, mjini na safarini. Amin.