Klachi ya gari la kasi: Nguvu si hoja pekee

Injini ya gari inapoongezwa nguvu, klachi ya kiwandani huzidiwa, ikateleza na kuungua. Hata hivyo, ile ya diski ya kauri hushika kwa ghafla, na pedali yake nzito huchosha mguu katika msongamano wa Barabara ya Digo, kando ya Mji wa Kale.

Flaiwili, gurudumu la chuma linalotunza mzunguko wa injini, ikiwa nyepesi huharakisha mzunguko huo, lakini gari huzima upesi linapoondoka. Hatari huzidi kivukoni Likoni maji yakipwa: mwinuko huwa mkali, na gari lililozima huweza kulirudia la nyuma.

Kwa safari za kila siku kisiwani, diski ya kawaida, kikandamizi imara zaidi na flaiwili ya uzani wa wastani hufaa kuliko vifaa vya mashindano.